Njia ya Msalaba Imezuiwa Mpakani

Sehemu ya Sita

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungia vitumbua kabla hujalisoma, usihuzunike. Nitakurudishia dhambi yangu kwa ufupi, ingawa ikifupishwa inauma zaidi.

Jina langu ni Uwitonze. Kwa Kinyarwanda maana yake ni mtu mpole. Walimu wangu wote wa bweni wangependa jina hilo lipitiwe upya.

Nina miaka kumi na saba. Nimemaliza kidato cha nne na nipo nyumbani Songambele nasubiri kupangiwa shule. Mama yangu, Mukandekezi, hutengeneza imigongo, zile picha za ukutani zinazofinyangwa juu ya ubao kwa samadi ya ng'ombe na majivu, zikikauka zinapakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Hazinuki. Naapa. Kila mtu huuliza hilo kwanza.

Parokia moja ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Uganda, ilimwagiza picha kumi na nne: Njia ya Msalaba nzima, vituo vyote, zitundikwe kabla Kwaresima haijaisha. Amezifanyia kazi miezi minane.

Mwaka jana mama angevuka na karatasi moja tu iliyoandikwa "sanaa za mikono". Muhuri, asante, kwaheri. Kuanzia Januari utaratibu umebadilika. Sasa kila mchuuzi mdogo anatuma tamko la forodha kwa simu kabla hajafika mpakani. Mama hajui kusoma. Kwa hiyo simu nilishika mimi.

Kwenye orodha ya bidhaa kulikuwa na samani, nguo, vyakula, madini na mazao ya mifugo. Picha haikuwamo. Mwishoni kabisa kulikuwa na kisanduku: "Mengineyo, eleza."

Nikaeleza. Mhariri anisamehe, nanukuu kwa herufi kubwa kama nilivyoandika: "MAVI MATUPU. Idadi: kumi na nne. Matumizi: kusalia."

Nilitaka kuwachekesha wenzangu wa bweni. Nilipiga picha kioo cha simu, nikawatumia, wakacheka mpaka mmoja akamwaga uji. Kisha, badala ya kufuta, nikabonyeza "tuma". Na mtandao wa Songambele, ambao hushindwa hata kufikisha salamu za Krismasi, siku hiyo ulikimbia kama swala.

Mfumo ulisoma. Mfumo hauna utani. Ukaziweka picha za mama kwenye fungu la mazao ya mifugo, na ghala la forodha likazimeza. Zikikaa siku kumi na nne bila cheti cha afya ya mifugo, zinachomwa moto. Wiki iliyopita nilikuacha siku ya kumi na moja, tumesimama dirishani.

Mama nilimwambia niliandika "picha za kanisani". Alinishukuru. Akaninunulia soda.

*

Afisa wa dirishani anaitwa Gaudiosus. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, na bahati mbaya yangu kubwa ni kwamba amelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wanangu hawajambo humo ghalani?"

"Hawajambo. Nimewaweka mbali na panya."

"Mungu akubariki. Sasa niambie, nani aliwanong'oneza kwamba wametokana na ng'ombe? Nyie mna pua gani?"

Gaudiosus aliangalia kompyuta yake. Akaniangalia mimi. Nikaangalia viatu vyangu, ambavyo vilikuwa na mambo mengi ya kuangaliwa.

"Imeandikwa, mama."

"Imeandikwaje?"

Kijana wa watu aliweka kiganja juu ya kioo, kama mtu anayeficha majibu ya mtihani.

"Imeandikwa... kwa kifupi," alisema. "Mama, shida si maneno. Shida ni fungu. Ukishaingia kwenye mazao ya mifugo, unahitaji cheti cha bwana mifugo kwamba ng'ombe aliyehusika ni mzima."

"Ng'ombe aliyehusika," mama alirudia polepole. "Alihusika kwa lipi? Alijisaidia tu."

Kwenye benchi nyuma yetu alikaa bibi Nyirabageni, msuka vikapu, na vikapu vyake vitano miguuni. Alicheka bila furaha.

"Nenda tu, Mukandekezi. Vikapu vyangu vimeitwa majani. Nimetumwa kwa bwana shamba akathibitishe havina wadudu. Miaka ishirini navuka hapa na vikapu, leo ndiyo najua nilikuwa navusha malisho."

"Na bwana shamba amesemaje?"

"Amesema vikapu ni vizuri. Amenunua kimoja. Cheti hana."

Gaudiosus aliinamisha kichwa kama yeye ndiye aliyetunga sheria. "Mama zangu, mkinilaumu mimi mnanionea. Mimi nabonyeza tu. Mfumo ndio unaokataa."

Hapo nilipaswa kusema. Watu watatu tu, mchana kweupe, dirisha wazi. Nilifungua mdomo, nikapiga mwayo.

*

Bwana mifugo anaitwa Byabato, anakaa Kibingo. Tulimkuta asubuhi ya siku ya kumi na mbili anaosha mabuti yake. Alisikiliza kisa chote bila kusimamisha brashi.

"Samadi haina cheti," alisema. "Ninacho cha ng'ombe hai, cha nyama, cha ngozi na cha maziwa. Hiyo nyingine, serikali haijawahi kuniuliza."

"Sasa inakuuliza," nikasema.

"Inakuuliza wewe. Mimi nikithibitisha, nathibitisha ng'ombe. Nionyesheni ng'ombe, nimpime, niandike. Yuko wapi?"

Mama akajifunga kanga upya, ingawa haikuwa imelegea.

Mafundi wengine huokota samadi popote. Mama hapana. Picha zote kumi na nne alizifinyanga kwa samadi ya mtamba mmoja tu, Gaju, mwekundu, aliyezaliwa kwenye kibanja chetu cha migomba. Anasema ya Gaju ni laini kama unga wa muhogo na haipasuki ikikauka. Mimi nikiwa nyumbani niliiokota kila alfajiri kabla nzi hawajaamka, na sikuwahi kuiona tofauti yake, lakini mimi si msanii.

Shida ni kwamba Gaju hayupo tena. Mwezi wa kwanza kaka yangu Aimable alioa, na Gaju akaenda Kimuli kuwa mahari kwa mzee Xaveri, baba wa bi harusi.

"Hatuwezi kwenda kumpima ng'ombe wa mahari," mama alisema.

"Kwa nini?" Byabato ni mtu wa Bukoba mjini. Anajua magonjwa yote ya ng'ombe, ila ugonjwa huu hakusomea.

"Nikienda kumkagua ng'ombe niliyemtoa, maana yake nataka kumrudisha. Nikimrudisha, ndoa imekwisha."

"Waambie basi ni kwa ajili ya samadi."

Mama alimtazama kama mtu aliyependekeza tucheze muziki msibani. "Nimtajie mkwe wangu habari za choo?"

"Cha ng'ombe, mama."

"Choo ni choo."

Byabato alivaa mabuti yake. "Zikichomwa Ijumaa, mama, hutataja chochote. Pandeni pikipiki."

*

Mzee Xaveri alitupokea kama wafalme. Viti vilitolewa. Rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, ililetwa kwenye kibuyu. Alimsalimia mama kwa mikono miwili, akauliza habari za Aimable, za binti yake, za migomba, za mvua. Kisha akamwona Byabato anatoa kipimajoto.

"Mkwe," alisema taratibu, "huyu mgeni ni nani?"

"Ni rafiki," mama alisema. "Anapenda ng'ombe."

"Anapenda?"

"Sana. Tulikuwa tunapita, tukasema tumwone Gaju."

Mzee aliweka kikombe chini. "Aliyetoa ng'ombe hapiti kumwona. Unajua hilo. Mpaka mjukuu azaliwe."

"Najua, mkwe."

"Mjukuu amezaliwa?"

"Wana miezi miwili tu, mkwe."

Wakati huohuo Byabato, ambaye heshima yake yote ameielekeza kwenye kazi, alikuwa ameshafika zizini. Na kipimajoto cha ng'ombe, kama hujui, hakiwekwi mdomoni.

"Wewe!" Mzee Xaveri aliruka. Ana miaka sabini na moja lakini aliruka. "Unampima nini ng'ombe wangu huko nyuma?"

"Joto, mzee."

"Ana homa? Mmenipa ng'ombe mgonjwa?"

"Hapana, mkwe..."

"Mnatafuta kasoro ili mseme hatukutunza? Au binti yangu kawakosea nini? Semeni! Kesho nakuja Songambele kumchukua!"

Mama alivuta kanga mpaka usoni. Nilimwona ananitafuta kwa jicho moja. Katika maisha yangu mama hajawahi kuniomba niseme. Siku zote huniomba ninyamaze.

Nikasimama. Nikaweka mikono nyuma kama kiranja mkuu anayesoma risala.

"Shikamoo tena, mzee. Hatumtaki Gaju. Tunatafuta cheti cha mavi yake."

Hata Gaju aliacha kucheua.

Mzee Xaveri alimgeukia mama. "Mkwe. Kweli?"

Kanga ikatikisika kuitikia.

"Mavi yana cheti?"

"Kuanzia Januari," nikasema.

Alikaa chini polepole. Mabega yakaanza kutetemeka, nikadhani analia. Mzee alikuwa anacheka, na alicheka mpaka akashika mti wa zizi.

"Mimi," alisema akifuta macho, "nina miaka sabini na moja. Sina hata cheti cha kuzaliwa. Na mavi ya mtamba wangu yanapewa muhuri! Mpime, daktari, mpime vizuri! Mpime na masikio!"

Byabato alipima. Gaju alikuwa mzima kuliko sisi wote. Fomu ilikuwa na visanduku vinne, ng'ombe hai, nyama, ngozi, maziwa, akaweka alama kwenye cha kwanza, na pembeni akaongeza kwa kalamu: "na yatokanayo". Akagonga muhuri.

Nilijiona shujaa. Naomba msomaji ukumbuke kwamba nimewahi kujiona shujaa, kwa dakika arobaini, Jumatano moja.

Njiani kurudi tulipakizana watatu kwenye pikipiki ya Byabato, mama katikati. Tulipopita shule ya msingi akanigeukia.

"Neno lile," alisema sikioni mwangu, kwa Kinyarwanda ili Byabato asielewe. "Mbele ya mkwe. Hukuweza kusema samadi?"

"Limenitoka, mama."

"Linakutoka upesi."

Nikaanza kuhesabu migomba ya Kimuli.

"Nilipokuwa msichana," aliendelea, "walinifuata wakitoka shule wakiniimbia neno hilo. Ati msichana wa kuchezea hicho kitu. Wengine wameshakuwa bibi na bado wananiimbia kwa macho. Ndiyo maana nikiulizwa kazi yangu nasema nafinyanga. Hata baba yako, Mungu amrehemu, hajawahi kulisikia kinywani mwangu."

Nilifika mgomba wa mia mbili na kumi.

"Usilirudie," alisema. "Si kwa kazi yangu."

*

Siku ya kumi na tatu, Alhamisi, saa nane mchana. Dirishani palikuwa na foleni. Nyirabageni alikuwa palepale na vikapu vitano.

Gaudiosus alisoma cheti cha Byabato mara mbili. Akakigeuza nyuma akatafuta kitu, akakirudisha mbele.

"Cheti ni kizuri sana, mama."

"Asante."

"Ila hakilingani. Cheti kinasema ng'ombe mmoja, hai, jike. Tamko linasema vipande kumi na vinne vya... vya kile kilichoandikwa. Nikiingiza cheti, mfumo unauliza ng'ombe yuko wapi."

"Yuko Kimuli."

"Naam. Unamtaka hapa."

Mama alishika ukingo wa dirisha. "Nikimleta?"

"Usimlete, mama." Sauti yake ilishuka. "Tangu Jumatatu wenzetu wa ng'ambo wamefunga, barua imetufikia leo. Kuna karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo. Hakuna zao la mifugo linalovuka kutoka huku, liwe na cheti au lisiwe nacho."

Kwa hiyo safari, pikipiki, aibu ya Kimuli na joto la Gaju, vyote vilikuwa kazi bure tangu Jumatatu, kabla hata Byabato hajaosha mabuti. Nilitaka kumkasirikia mtu. Nilitazama kushoto na kulia. Hakukuwa na mtu.

"Kesho saa tatu asubuhi wanasafisha ghala," Gaudiosus alisema. Nyuma ya jengo kuna shimo. Moshi wa mzigo wa mtu mwingine ulikuwa unapanda polepole, mweupe.

"Zingekuwa zimeandikwa picha," aliongeza, "zingevuka leo. Bila ng'ombe, bila cheti. Picha ya ukutani haiulizwi lolote."

"Lakini ni picha," mama alisema.

"Najua, mama. Nimeziona."

"Basi niruhusu niziage."

Akamwita mlinzi, mama akapelekwa ghalani. Mlango uliachwa wazi, nikawa nazitazama kutoka dirishani. Hazina Yesu mwenye pua wala ndevu, ni mistari tu, kama imigongo zote. Kituo cha tatu, Yesu anaanguka mara ya kwanza: mstari mweusi unashuka, unagusa chini, unapanda. Cha saba unashuka zaidi. Cha tisa unalala, na unapopanda unapanda umepinda, na mama alinieleza alipoumaliza kwamba huo mpindo peke yake ulimchukua wiki tatu. Nilimwuliza mpindo unatofautianaje na mkunjo wa godoro langu la bweni. Nilikuwa mchekeshaji mzuri sana.

Alipita mbele ya kila moja akiigusa ukingoni kwa kidole.

Nikageuka. "Kaka Gaudiosus."

"Sema."

"Ni mimi niliyeandika."

"Najua ni wewe. Mama wa umri ule hawezi kuandika upuuzi huo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mshangao wake. Hakunipa. "Basi nichukulie hatua. Andika kwamba nilidanganya, picha ziende."

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na saba na miezi minne."

"Huwezi kusahihisha tamko mpaka kumi na nane. Mfumo haukutambui."

"Lakini nakiri! Nimetubu!"

"Toba yako ni nzuri," alisema, na naamini hakuwa ananikejeli. "Haina kisanduku cha kuingizwa."

Msomaji, nimefundishwa dini na masista kwa miaka minne. Waliniambia ukikiri umeondoka na mzigo. Hawakusema unaweza kukiri na ukaambiwa urudi baada ya miezi minane.

"Hakuna njia hata moja?"

Alisita. Akatoa fomu kutoka kwenye droo, ya karatasi, ya zamani, imekunjika pembeni. "Hii ipo. Hitilafu ya mtoa tamko. Mwenye namba ya uchuuzi, yaani mama, anaandika kwa mkono wake, mbele yangu. Juu ananakili jina la bidhaa lenye kosa, neno kwa neno. Chini anaandika lililo sahihi. Naipiga muhuri, fungu linabadilika, mnavuka kabla ya saa kumi na moja."

"Niandike mimi, yeye aweke kidole gumba."

"Kidole gumba kinataka kiapo cha wakili. Wakili yuko Kayanga, na anarudi Jumatatu."

"Nimshike mkono."

"Mkono wake, binti. Peke yake. Mbele yangu."

"Hajui kuandika!"

"Ndiyo maana sikuitoa tangu mwanzo," alisema.

Mama alikuwa amesharudi. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alisimama pembeni yangu akanukia ghala.

"Karatasi hiyo inafanya nini?"

Gaudiosus akamweleza. Alimweleza vizuri, polepole, bila kunitaja mimi hata mara moja. Alisema "kosa lililotokea wakati wa kutuma". Nilitamani angenitaja.

"Kwa hiyo nikiandika, wanangu wanavuka leo?"

"Leo hii, mama."

"Lete kalamu."

"Mama," nikasema, "hujui kuandika."

"Sijui kusoma." Alikunja mikono ya gauni. "Herufi ni nini? Si mistari? Nionyesheni hiyo mistari."

Gaudiosus alinitazama. Mimi nikamtazama yeye. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kwanza, aliondoa kiganja na kumgeuzia mama kompyuta.

Mama hakusoma, alitazama. Alitazama kama anavyotazama ubao mtupu kabla hajaweka mstari wa kwanza, kichwa kimeinama kidogo, midomo inatembea. Foleni ilisogea karibu. Nyirabageni akainuka kwenye benchi.

"Hii ya kwanza," mama alisema, akiweka kalamu kwenye karatasi, "ni milima miwili. Hii naichora kila siku." Akaichora. "Halafu paa la nyumba lenye boriti." Akalichora. "Halafu paa limepinduliwa. Halafu nguzo." Alirudi nyuma kidogo akaangalia. "Neno zuri. Halina kona ya mviringo hata moja. Milima, paa, paa, nguzo. Ningeweza kulifinyanga."

Nikaanza kuhesabu misumari ya dirisha.

"La pili gumu kidogo. Lina matumbo." Alichora polepole. Hajawahi kutumia rula maishani mwake na mstari wake ulisimama kuliko wangu wa miaka kumi na moja ya shule.

Alipomaliza, herufi zilikuwa kubwa, nyeusi, zimenyooka, zimepangwa sawasawa kutoka pembe hadi pembe. Gaudiosus aliziangalia, kisha akaangalia kompyuta.

"Ni sawasawa kabisa, mama," alisema. "Sasa chini yake andika lililo sahihi. Binti atakuonyesha."

Mama akanipa karatasi nyingine tupu na kalamu. "Niandikie la sahihi, nitazame."

Nikaandika, PICHA ZA UKUTANI. Niliruka herufi, ikabidi niandike mara mbili.

Aliyatazama maneno yangu. Akayatazama yake. Alikuwa anayalinganisha, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta mahali picha mbili zinapoachana.

"Haya ni marefu," alisema. "Yale ni mafupi. Uliniambia uliandika picha za kanisani. Mbona yale mafupi?"

Nyuma yetu, kwenye foleni, mtu aliyejua kusoma alicheka. Kicheko kidogo tu, cha puani, kikazibwa kwa kiganja.

Mama hakugeuka. Lakini nilimwona bega lake moja linapanda, lenyewe, kama bega la msichana anayefuatwa njiani kutoka shule.

Gaudiosus alianza kupanga klipu zake za karatasi. Nyirabageni alisema, "Mukandekezi, andika tu la chini, wewe, muda unakwenda." Alisema upesi mno.

"Siwezi kusahihisha nisichokijua," mama alisema.

Aliichukua fomu. Akaiinua kwa mikono miwili, mbele ya kifua chake, uso wa karatasi ukinielekea mimi na foleni nzima, jinsi anavyoinua ubao uliokauka vizuri kumwonyesha mnunuzi.

"Uwitonze," alisema. "Nimeandika nini?"